Miraba 11 kwenye ukuta wa nyumba ya Uzunguni: picha za hii familia ziliishia wapi?

#1 Fundi Brashi

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi rangi hapa Dodoma. Wiki iliyopita nimepata kazi kwenye nyumba ya zamani Uzunguni, zile za kuta nene na baraza ndefu, bati limeshakuwa jekundu kwa kutu. Aliyeinunua anataka kuigeuza ofisi za kupangisha. Majirani wanasema ilikuwa ya familia moja ya wafanyabiashara wa nafaka na karanga, watu wazito enzi zao. Wanasema sebule ilijaa picha za kuchorwa kwa mkono. Si picha za babu na bibi, picha za wanyama.

Kilichonileta hapa ni hiki. Nimeanza kuosha ukuta wa sebule kwa maji na sabuni, nikaona miraba. Ukuta wote umekula vumbi na moshi wa miaka, umekuwa rangi ya chai ya rangi iliyolala. Lakini kuna miraba 11 ambayo bado ni nyeupe ya maziwa, na kila mmoja una tundu la msumari juu katikati. Nimepima kwa futi: futi mbili kwa mbili, yote, isipokuwa mmoja ambao ni mrefu wa kusimama.

Stoo ya nyuma ya jiko nimekuta vibao vitatu vya siling bodi. Kimoja mchwa wamekila kwa nyuma mpaka imebaki rangi tupu, ukikinyanyua kinalegea kama ganda la yai la kuchemsha. Cha pili ni ndege wawili, miguu mirefu, nyuma yao kijani kitupu. Cha tatu ni chui. Mwili unaonekana ubavu, lakini uso umekugeukia wewe na macho yote mawili yanakukodolea. Chini kulia kuna jina, herufi za mwanzo zimebanduka, imebaki "GATINGA".

Mwenye nyumba kaniambia nivichome pamoja na takataka. Sijavichoma.

Naomba wajuvi mnisaidie. Vilikuwa 11, viko 3. Nane viko wapi? Na hizi familia za matajiri zinazokusanya picha, mwisho wake huwa ni huu wa kuliwa na mchwa stoo?

#2 Mpita Njia

Uzi bila picha ni chai. Nimekaa pale naangalia.

#3 Binti Makole

Mbukwenyi. Kaka usichome kitu tafadhali, hata akikukata hela ya siku. Viweke kwako, visiguse ukuta wala sakafu. Mchwa wa Dodoma unawajua.

#4 Reli ya Kati

Mkuu #1 usijipe presha. Hizo ni picha za mtindo wa tingatinga, za watalii, nenda Mwenge Dar utakuta zimepangwa kama nyanya. Mwenyewe Tingatinga alikufa miaka ya themanini huko, waliobaki wanachora chui yule yule mpaka kesho. Familia ilinunua za kupamba ukuta, ikahama, ikaziacha. Hakuna siri hapo.

#5 Mwalimu Mstaafu

#4, tusahihishane kidogo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 huko Tunduru. Alianza kuchora 1968, na 1972 alikufa, alipigwa risasi na polisi Dar es Salaam kwa makosa. Fanya hesabu: alichora miaka minne tu. Baada yake wanafunzi na ndugu zake ndio walioendeleza, na hao unaowaona Mwenge ni wajukuu wa mkono ule. Kwa hiyo kati ya "tingatinga" kama mtindo na kibao alichokishika Tingatinga mwenyewe kuna umbali kama wa hapa na Mtwara.

Alikuwa akichora kwenye siling bodi za mraba kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ile ya kupakia baiskeli. Picha zake nyingi za mwanzo hazina mambo mengi: mnyama mmoja, rangi moja nyuma yake. Misitu, milima ya Kilimanjaro na wanyama ishirini wanaosukumana vilikuja baadaye, soko lilipotaka. Maelezo ya mleta uzi kuhusu chui na ndege yamenifanya nivae miwani. Lakini sisemi ni yeye. Jina lake limeghushiwa sana, tena na watu wanaojua kuchora.

Angalia nyuma ya kibao cha chui utuambie kuna nini.

#6 Fundi Brashi

Asante mwalimu. Picha nimezitupia hapo juu, #2 njoo unywe chai yako.

Nyuma ya chui kumebandikwa kipande cha gazeti, nadhani kilikuwa cha kuzuia vumbi. Nitakisafisha kesho mchana, sasa hivi nipo kwa taa ya simu.

#7 Seremala wa Ipagala

Mimi picha sizijui, bodi nazijua. Futi mbili kwa mbili si bahati. Karatasi nzima ya bodi ni futi nane kwa nne. Ukiikata unapata vipande nane vya futi mbili bila kutupa hata kipande. Mchoraji asiye na hela anakata hivyo. Kwa hiyo miraba kumi inayofanana ukutani haikuwa vioo wala kalenda. Ni bodi zilizokatwa na mtu mmoja au watu wa kijiwe kimoja.

Ule mrefu wa kusimama ndio unaonipa shida.

#8 Mama Ndoo

Huo mrefu ni kioo jamani. Nyumba gani ya watu wenye hela haina kioo sebuleni?

#9 Kinyozi Sabasaba

Wakuu nicheke nilie. Mwaka 2003 nilikuwa nanyoa kijiwe kimoja Chang'ombe. Wazee walikuwa na ubao wao wa drafti, mzito, mraba, miraba ya drafti imechorwa kwa kalamu ya maki, kete ni vizibo vya soda. Siku moja mvua ikaja ghafla, mzee akaubeba kichwani ajifunike. Upande wa chini kulikuwa na nyati! Mweusi, nyuma njano, anang'aa kama katoka dukani. Tukamuuliza, akasema ubao aliupewa na mlinzi wa nyumba za Uzunguni kwa pakiti ya sigara.

Upande mmoja nyati, upande wa pili wazee wanakulana kete miaka na miaka. Ningejua.

#10 Mpita Njia

#9 ungejua ungefanyaje? Ungemshinda mzee drafti? 😂

#11 Zabibu Kavu

Wakuu, jibu la #1 liko kwenye historia. 1971 serikali ilitaifisha majengo. Familia nyingi za wafanyabiashara zilifunga virago, nyumba zikaenda kwa Msajili wa Majumba. Picha zikabaki ukutani, wapangaji wakaingia, basi.

Na haikuanza kwetu. Kulikuwa na mfanyabiashara wa vitambaa Moscow, Sergei Shchukin. Huyu alinunua picha za wachoraji Matisse na Picasso wakati Paris kwenyewe watu bado wanawacheka. Ile Dansi ya Matisse ya 1910, watu wekundu wameshikana mikono duara, aliiagiza yeye kwa ajili ya ngazi za nyumba yake. Jumapili alifungua milango watu waingie kutazama. Mapinduzi yakaja, 1918 Lenin akataifisha mkusanyiko wote, mzee akaishia Paris, akafa huko 1936. 1948 Stalin akaona ni sanaa ya mabepari, zikagawanywa, nyingine Moscow, nyingine Leningrad, na kwa miaka zikakaa stoo. 2016 zilipopelekwa Paris kwa maonyesho, waliokwenda kuziona walipita milioni moja.

Kwa hiyo stoo si mwisho wa picha. Stoo ni kituo.

#12 Nkuhungu Juu

#11 sisi tupo Uzunguni, wewe umeshafika Moscow. Rudi na SGR mkuu, inafika Dodoma siku hizi.

#13 Wakili wa Mtaa

#11 nakubaliana na roho ya hoja yako, sikubaliani na sheria yako. Sheria ya 1971 ililenga majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, tena yale ambayo mwenyewe hakai yote. Nyumba ambayo mtu anaishi na familia yake haikuwa shabaha. Kama hii ya Uzunguni ndiyo waliyokuwa wakilala, basi walichopoteza kinaweza kuwa maduka na nyumba za kupangisha mjini, si sebule yenye picha. Na hata pale jengo lilipochukuliwa, kilichochukuliwa ni jengo. Godoro, sufuria na picha ukutani ni mali ya mtu.

Kwa hiyo swali la #1 linakuwa gumu zaidi: kama nyumba haikutaifishwa, nani alizitoa ukutani?

#14 Zabibu Kavu

Nimepokea sahihisho la jengo. Lakini mtu akipoteza maduka matano unadhani atabaki kuangalia chui sebuleni? Aliondoka tu.

#15 Mjukuu wa Dobi

Shikamooni wakubwa. Bibi yangu alikuwa dobi wa nyumba za huko Uzunguni, alifua na kupiga pasi ya mkaa mpaka vidole vikapinda. Nimempigia simu leo baada ya kusoma huu uzi. Ana umri mkubwa ila akili bado.

Anasema nyumba ya wenye picha anaikumbuka. Mama wa nyumba alikuwa anazipangusa mwenyewe, haruhusu msichana wa kazi kuzigusa, na alitumia kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo ndiyo maana ziling'aa. Walipoondoka bibi alikuwepo stesheni. Waliondoka usiku kwa treni ya kwenda Dar. Anasema picha sita zilifungwa ndani ya magodoro, godoro limekunjwa, picha katikati, kamba ya katani nje. Amekumbuka sita kwa sababu magodoro yalikuwa matatu, kila moja mbili, na kuli mmoja alilalamika kwamba tangu lini pamba ikawa na kona.

#16 Binti Makole

"Tangu lini pamba ikawa na kona." Mpe bibi salamu, mwambie tumemkubali.

#17 Reli ya Kati

Mafuta ya taa juu ya rangi ya mafuta? Si zingefutika?

#18 Fundi Brashi

#17 rangi ya mafuta ikishakauka miezi kadhaa, mafuta ya taa kidogo hayaifanyi kitu, yanatoa vumbi tu. Ukitumia tina ndiyo unalia. Bibi anajua anachosema.

Mrejesho wa gazeti. Nimelilowesha kwa sponji taratibu. Ni la Kiingereza, kipande cha juu cha ukurasa, na jina lake linasomeka: The Nationalist. Tarehe imeliwa. Chini kuna tangazo la matairi.

#19 Mwalimu Mstaafu

Hapo sasa! The Nationalist lilikuwa gazeti la TANU. Aprili 1972 liliunganishwa na The Standard, likazaliwa Daily News. Baada ya hapo hakuna The Nationalist mpya. Kwa hiyo karatasi hiyo ni ya kabla ya Mei 1972, na mwenye jina alikufa mwaka huo huo. Miaka inaingiliana vizuri kiasi kwamba natamani nipande daladala nije.

#20 Reli ya Kati

Mwalimu shikamoo, lakini hapo umeteleza. Gazeti linathibitisha umri wa gazeti. Mjomba wangu alikuwa na rundo la magazeti ya miaka ya sitini chooni mpaka 1990 na kitu. Mtu yeyote angeweza kubandika la zamani kwenye picha mpya. Na anayeghushi kwa akili atafanya hivyo hivyo.

#21 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hoja yako ina uzito, nimekaa chini. Ila aniambie mtu, wa kughushi kwa akili alikuja kumwuzia nani Dodoma miaka hiyo? Nani hapa angelipa zaidi kwa ajili ya gazeti?

#22 Mwamba wa Kolo

Nyie mnabishania futi mbili. Sisi Kondoa picha zetu hazina tajiri, hazina stoo, zimechorwa kwenye mwamba na mchwa hawawezi kuzila. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja 1951 akazinakili, 2006 UNESCO wakaziweka kwenye urithi wa dunia, na wazee bado wanapanda pale Mungomi wa Kolo kufanya tambiko.

Adui wetu sisi ni wale wanaochimba chini ya miamba wakitafuta mali ya Wajerumani. Unakuta shimo la urefu wa mtu, juu yake twiga wa maelfu ya miaka anakuangalia.

#23 Nkuhungu Juu

Na mali ya Wajerumani imeshapatikana?

#24 Mwamba wa Kolo

Imepatikana malaria. Tuendelee na mada.

#25 Mgeni wa Juzi

Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Sitaji ukoo. Niseme tu kwamba nina undugu na nyumba hiyo kwa upande wa mama.

Nilivyosikia tangu mtoto, babu hakuwa mpenzi wa sanaa. Alikuwa akienda Dar kila mwezi kwa mambo ya magunia na alifikia kwa rafiki yake Oysterbay. Pale karibu na duka kulikuwa na vijana wanauza picha chini ya mti, wakamzoea. Alinunua moja kwa huruma, ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa peke yake, na baada ya hapo bibi akawa ndiye anayeagiza: safari hii lete ndege, safari hii usilete chui tena. Hawakuuita mkusanyiko. Waliziita "wanyama wa bibi".

Walipoondoka hazikupanda treni. Bibi alizigawa. Tano alizitoa kwa wafanyakazi wa mashine ya kukamua mafuta, kila mmoja alichagua mnyama wake, na mpishi alichagua wa kwanza. Zilizobaki aliziacha ukutani akisema watarudi. Hayo ya magodoro sijayasikia kwetu.

#26 Mjukuu wa Dobi

#25 shikamoo. Sibishani na ukoo wako. Lakini bibi yangu hakusikia, aliona. Alikuwa stesheni, kabeba chupa ya chai ya safari.

#27 Mgeni wa Juzi

Marahaba mwanangu. Inawezekana kabisa. Kwetu kulikuwa na mambo ambayo babu na bibi hawakuambiana.

#28 Mpita Njia

Naomba nisaidie hesabu, mimi nilipata C.

Stoo 3. Drafti ya Chang'ombe 1. Magodoro 6. Wafanyakazi 5. Jumla 15. Ukuta una miraba 11 na mmoja Mama Ndoo kasema ni kioo, kwa hiyo 10.

Picha tano zimezaliwa njiani.

#29 Fundi Brashi

Iongeze moja. Leo nimeongea na mzee anayelinda kiwanja cha jirani. Anasema miaka ya tisini kulikuwa na kibao chenye samaki kinafunika pipa la maji nje ya jiko, na watoto walikuwa wanagombania kuchota ili wamwone samaki ndani ya maji na samaki juu ya maji. Anasema kiliibwa na pipa lake.

#30 Mpita Njia

16. Naomba mtu asiongeze.

#31 Seremala wa Ipagala

Nani kasema picha zilikuwa sebuleni tu? Mleta uzi, vyumba vya kulala umeangalia kuta zake?

#32 Fundi Brashi

Hapo ndipo naumwa. Vyumba vya kulala nilivianza kwanza. Sikuosha, mwenye nyumba alitaka haraka, nilipiga andakoti moja kwa moja juu ya uchafu. Nakumbuka kulikuwa na misumari, kwa sababu niliing'oa kwa koleo nikaweka kwenye kopo. Nimeenda kuihesabu sasa hivi. Ipo tisa, ila sijui ipi ilikuwa ya picha na ipi ya chandarua.

#33 Binti Makole

Usijilaumu kaka. Ungejuaje.

#34 Zabibu Kavu

Turudi kwenye mali ni ya nani, maana #25 amejitokeza. Kule Vienna kulikuwa na familia ya sukari, Bloch-Bauer. Mchoraji Klimt alimchora mke, Adele, kwa dhahabu. Adele akafa 1925, 1938 Wanazi wakaingia, mume akakimbia, picha zikachukuliwa na zikaishia makumbusho ya taifa. Mpwa wao, Maria Altmann, alikuwa anaishi Marekani, akashtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya huko 2004, na 2006 akarudishiwa picha tano. Ile ya dhahabu ikanunuliwa kwa dola milioni 135 na sasa iko New York, watu wanalipa kiingilio kuiona.

Kwa hiyo #25 usikate tamaa. Muda haufuti umiliki.

#35 Wakili wa Mtaa

#34 unamchanganya mama wa watu. Kule kulikuwa na uporaji na kulikuwa na hati. Hapa bibi aliacha kwa hiari akisema atarudi, nyumba imeuzwa mara ngapi hatujui, mwenye nyumba wa sasa kasema choma. Mtu akisema choma, je, ametupa mali au ametoa amri juu ya mali yake? Na fundi aliyeokota ni mwokotaji au mtunzaji? Hapo mawakili watatu wana majibu manne. Ushauri wangu kwa #1: usiuze. Yeyote akikufuata faragha na bei, mwambie umezitunza tu. Nenda Makumbusho ya Taifa waziangalie, barua mkononi.

#36 Fundi Brashi

Wameshanifuata wawili faragha. Mmoja anataka chui tu, anasema ndege nibaki nao.

#37 Reli ya Kati

Huyo anajua kitu. Nafuta kauli yangu ya #4. Nusu.

#38 Mwalimu Mstaafu

Kuhusu swali la pili la #1, mwisho wa picha za matajiri. Mara nyingi ni wosia ndio unaoamua, kuliko hata hela. Pale Florence ukoo wa Medici ulipokaribia kwisha, binti wa mwisho, Anna Maria Luisa, aliandika makubaliano 1737 kwamba vitu vya sanaa vya familia visitoke mjini, vibaki kwa faida ya watu na wageni. Alikufa 1743 na vipo mpaka leo. Kwa upande mwingine ukoo wa Rockefeller, matajiri wa Marekani: David alikufa 2017, mwaka uliofuata vitu vyake na mkewe vikapigwa mnada, dola milioni 832, hela ikaenda kwenye hisani na picha zikatawanyika.

Na zipo zetu zilizoangukia mikono ya namna hiyo. Jean Pigozzi, mtoto wa mwanzilishi wa magari ya Simca, alianza kukusanya kazi za Waafrika baada ya kuona maonyesho Paris 1989. Msanii George Lilanga wetu yumo kwenye mkusanyiko huo. 2019 Pigozzi aliipa MoMA, makumbusho ya sanaa ya New York, kazi 45 za wasanii wa Afrika. Na MoMA hiyo hiyo ina picha ya mchoraji wetu Sam Ntiro ya 1956, wanaume wanapeleka mbege kwa bibi harusi usiku. Mchaga na pombe yake ya ndizi yuko Manhattan, hajaguswa na mchwa hata mmoja. Nyumbani tunafunikia mapipa.

#39 Nkuhungu Juu

Mwalimu, hapo kwenye mapipa umetupiga.

#40 Mama Ndoo

Mimi bado nipo na kioo changu. Na niwaambie jambo jingine: pipa lilihitaji mfuniko. Mlinzi alikuwa na watoto, maji yanaingia mbu, kibao kipo kimelala. Alichokosea ni nini?

#41 Kinyozi Sabasaba

Hajakosea. Hata drafti ile ilichezwa na watu wengi kuliko wangeiona sebuleni.

#42 Mgeni wa Juzi

Mama Ndoo, nimemuuliza mama yangu kuhusu mraba mrefu. Anasema hakikuwa kioo wala mnyama. Kulikuwa na picha moja ya mtu: mwanamke amesimama, kitenge, ndoo kichwani. Babu alimwomba kijana wa Oysterbay amchoree bibi, yule kijana akasema sura za watu zinamsumbua, akamchorea mwanamke mwingine. Bibi aliipenda kuliko zote kwa sababu haikufanana naye.

Hiyo ndiyo mama anayoitafuta. Chui mnaweza kukaa naye.

#43 Mama Ndoo

Ndoo kichwani! Basi nimeshindwa, na nimeshindwa na ndoo.

#44 Fundi Brashi

Mama #42, stoo nimetoa kila kitu mpaka udongo. Hamna kibao kirefu. Nimepanda hadi darini kwa ngazi, kuna popo na waya wa redio.

Mrejesho wa kazi: mwenye nyumba alikuja saa nne, kakuta sebule haijapakwa, kafoka. Nimemwomba aniachie ukuta huu mmoja niupige picha vizuri, kakataa, wapangaji wanakuja kuangalia Jumatatu. Chui, ndege na lile ganda la yai viko kwangu chumbani juu ya matofali manne, nimepulizia dawa ya mchwa kuzunguka, chini tu.

Saa tisa nimepiga koti ya kwanza kwa rola. Saa kumi na moja imekauka, nimewasha taa, na miraba yote 11 inaonekana. Moshi umepenya rangi, miraba imebaki myeupe zaidi ya ukuta. Nimepiga ya pili, inaonekana bado, kwa mbali, ukisimama mlangoni.

Ndoo imeisha. Kesho naenda mjini kuchukua nyingine.

#45 Nkuhungu Juu

Mkuu ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji siku hizi wanauzaje? Nina chumba na sebule Nkuhungu nataka nipake kabla ya Idi.